Wanasema Hukuwahi Kubadili Neno Lako

Papa Mulonda,

Watu wameanza tena kusema, "Ninaenda kwa Papa Mulonda." Mara ya kwanza kuyasikia maneno hayo nilikuwa nanunua samaki wa sambaza, na nilishtuka hadi muuzaji akaniuliza kama naumwa. Kisha nikakumbuka wanamaanisha nini. Wanamaanisha ile tableti. Wanaingia kwenye chumba chetu cha mbao hapa Mabanga, wanakaa kwenye benchi lako, wanaisimulia mashine ugomvi wao, na mashine inawaambia wewe ungeamua nini.

Naogopa, Papa. Nianze na hilo, maana ulizoea kunicheka nikizunguka-zunguka kabla ya kufika kwenye jambo. "Sekretere, fika," ulikuwa unasema. Basi nimefika. Leo ni Ijumaa, saa mbili asubuhi. Saa nne kamati yetu ya kuamua ugomvi inakaa. Kesho watu wa kartie, wale wa ofisi ya mtaa, watapanda Munigi kumtoa Mama Sifa na binti zake watatu kwenye nyumba na shamba la parseli yao, na karatasi watakayoishika ina jina lako juu na sahihi yangu chini.

Acha nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu umeondoka mwaka na zaidi na hapa mambo hayakusubiri.

Baada ya kukuzika tulibaki wawili kwenye kamati, mimi na Papa Deo. Unamjua mwenyewe Papa Deo, mwalimu mstaafu aliyekaa kuume kwako akikupinga kila wiki na bado mkaenda kunywa chai pamoja. Bila wewe alikosa wa kumpinga. Tuliketi siku nzima na watu wa mpaka mmoja wa ukuta wa mawe, tukawarudisha nyumbani bila neno. Na tangu tribunali, mahakama ya mji, ifunge milango, watu hawana pengine pa kwenda. Walikuwa wanajipanga mpaka barabarani, wengine wamebeba watoto, wengine wamebeba mapanga ndani ya magunia wakidhani hatuoni.

Hapo ndipo mradi wa kusaidia kamati kama yetu ulipokuja. Walileta tableti, betri ya jua na msichana mmoja wa upande wa Bukavu, Aline, mwenye heshima na akili nyingi. Alisema mashine inaweza kujifunza kwa mifano. Akauliza kama marehemu aliacha maandishi. Nikamwambia aliacha daftari, kaye kumi na moja, kila mwaka yake, na mwandiko ni wangu. Ungemuona macho yake, Papa. Ni kama nilimwambia umeacha dhahabu chini ya kitanda.

Miezi minne nilikaa ofisini kwao Keshero, madirisha yanaangalia ziwa, nikinakili kaye zako neno kwa neno. Walinilipa vizuri na kwa wakati. Mwisho wa kila kaye palikuwa na ukurasa wa kuthibitisha: Ni sawa na daftari, hakuna kilichoachwa. Nilitia sahihi mara kumi na moja. Kila mara nilifunga kaye nikachukua inayofuata, na hilo ndilo linalonitisha sasa nikilikumbuka.

Kwa sababu kilichoachwa kilikuwepo. Wewe unajua, na mimi najua.

Unakumbuka siku ile tulipopanda Munigi kwa miguu, mimi nimebeba bidoni ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, wewe mbele na koti lako la misa? Wiki tatu kabla ulikuwa umeamua kesi ya Mama Sifa. Mume wake alikuwa amekufa, na ndugu za mume walisema parseli ilinunuliwa kwa ng'ombe wa baba yao wa Masisi, kwa hiyo ni ya ukoo, na yule mama amezaa wasichana tu. Uliwapa wao. Papa Deo akakubaliana nawe, jambo la nadra. Niliandika uamuzi, wote wakaweka vidole.

Halafu Jumapili moja ulipita pale ukitoka kumwona mgonjwa, ukamkuta binti yake mkubwa amechuchumaa na nyundo, anapasua mawe ya volkano. Ukamuuliza anafanya nini. Akakwambia wanamalizia kona ya mwisho, kwamba mama yao alianza kupasua tangu parseli iliponunuliwa, na udongo wote unaoota maharagwe pale aliubeba yeye kichwani kwa beseni, kutoka mbali, mwaka hadi mwaka. Siku ya pili ukaniambia ng'ombe wale walinunua jiwe tupu, na kwamba shamba limetengenezwa na yule mama, na wewe hukuuliza swali hilo siku ya kesi.

Ndipo tukapanda. Uliomba kigoda kifupi, ukakaa chini kuliko yeye, mbele ya mashemeji waliokuwa wameitwa na majirani watano, ukasema, "Mama Sifa, nilikuya kwako. Nilikukosea." Sijawahi kumsikia mwanaume wa umri wako akisema hivyo bila kuongeza neno la kujitetea. Mashemeji walinung'unika, ukawajibu pole pole, wakakubali. Kasiksi ikazunguka. Shemeji mdogo alikunywa glasi mbili, nilimmiminia mimi mwenyewe. Mama Sifa amekaa pale tangu siku ile.

Na tulipokuwa tunashuka nilitoa kaye niandike. Ukaweka mkono juu yake.

"Kaye haikatwake," ukasema. "Batu bakiona wino juu ya wino, banasema tulikula feza."

Nikasema sitakata mstari wowote, nitaongeza tu ukurasa. Ukakataa. Ulisema waliokuwepo wanatosha, kwamba jambo lililorudishwa mbele ya majirani linalindwa na majirani. Ndivyo ulivyofanya kila mara. Ulipokosea ulikwenda kwa miguu, ukaomba kigoda, ukasema, mkanywa, na kaye ikabaki na kosa lake ndani, safi, na tarehe.

Mwezi huu wote nimekukasirikia kwa hilo, Papa. Nalisema wazi. Ulikuwa na ujasiri wa kwenda Munigi kwa miguu lakini hukuwa na ujasiri wa mstari mmoja wa Bic. Na majirani uliowaamini, wawili wamekufa, mmoja yuko Uganda, na wale wengine walihama wakati watu walipohama, hakuna anayejua walipo.

Na mimi nilipofika kwenye kaye ile, pale Keshero, nilisita. Kalamu ilisimama kwa muda wa chai moja. Nikajiambia kazi yangu ni kunakili kilichoandikwa. Nikajiambia Aline hatanielewa. Ukweli ni kwamba niliona aibu kuwaambia watu wa mradi kwamba Papa Mulonda wao alikuwa mtu wa kurudi nyuma. Nilitaka wakuone mkubwa. Basi nikanakili, nikafungua ukurasa uliofuata.

Mashine haikuanza vibaya, sikuongopei. Ni mpole, haichoki, haipandishi sauti. Mtu anaweza kuisimulia jambo lile lile mara tatu na inamsikiliza. Watu wanaipenda kwa sababu haina kabila wala shemeji. Mapanga yamepungua kwenye magunia. Hata Papa Deo, aliyeiita redio ya mapepo siku za kwanza, sasa anaivalia tai.

Kisha mwezi jana shemeji mdogo akaja. Yule yule wa glasi mbili. Alikaa kwenye benchi akaisimulia kesi ya parseli ya Munigi kama jambo jipya, na mashine ikamjibu palepale kwamba shauri hili lilikwisha kuamuliwa na Papa Mulonda, kwamba parseli ni ya ndugu wa marehemu, na mjane apewe siku thelathini za kuondoka. Ikataja na ukurasa. Yule bwana hakuonyesha kushangaa. Alinitazama, akajua kwamba najua, akatabasamu.

Na si hilo tu. Nilirudi kuangalia maamuzi ya miezi hii nikakuta wajane wengine wawili wameamuliwa kwa namna ile ile, mmoja wa huku huku Mabanga. Mashine imechukua kesi yako ya Munigi ikaifanya kanuni: parseli inamfuata aliyetoa mali ya kuinunua. Haina habari ya mawe. Haina habari ya beseni. Inasema kwa upole wako na kwa maneno yako, na wale wanawake waliondoka wakishukuru, wakidhani wamesikia haki kutoka kwako.

Siku moja mchana, watu walipokwenda kula, nilibaki nayo peke yangu. Nikaiuliza, "Papa Mulonda akigundua amekosea, alikuwa anafanya nini?"

Ikanijibu, "Katika mashauri yote yaliyo kwenye daftari zake, Papa Mulonda hakubadili uamuzi wake hata mara moja. Uthabiti huo ni sehemu ya hekima yake."

Wewe, Papa! Wewe uliyeniambia kwamba usiku wa mashaka ndio unaomfanya mtu astahili kukaa kwenye benchi lile. Nikaiambia nilikuwepo Munigi, nilibeba kasiksi, nilisikia kwa masikio yangu. Ikanishukuru kwa taarifa. Ikasema hata hivyo mwisho wa kila daftari umethibitishwa kwamba hakuna kilichoachwa, na aliyethibitisha ni Zawadi, sekretere wa kamati. Ikanisomea jina langu mimi mwenyewe, kwa sauti nzuri. Niliifunika kwa kitenge changu nikatoka nje nikakaa juu ya jiwe mpaka Papa Deo aliponikuta.

Nilimweleza yote. Nilidhani ataruka upande wangu, kwa sababu siku ile ya Munigi alikataa kuja lakini alijua. Hakuruka.

"Miye sikatai, Papa alirudi kule," akasema. "Lakini tukianza kukubali ati Papa alisema kwa kinywa, kesho kila mutu atakuya na kinywa yake. Tutamaliza kesi na nini, Sekretere?"

Akaniambia pia, bila hasira, kwamba bado anaamini ulikosea kurudi Munigi. Mzee wa Masisi aliuza ng'ombe wake wote kwa ajili ya parseli ile, akafa bila ng'ombe na bila parseli, na hakuna aliyemhesabu. Papa Deo si mtu mbaya. Mlibishana hivyo miaka yote, lakini mlibishana mkiwa wawili, na kila mmoja aliweza kumkuta mwenzake kesho yake amelala vibaya. Mashine haikuubeba ubishi wenu. Niliiletea nusu yake tu, nusu iliyokauka.

Aline alinisikiliza vizuri kuliko nilivyotazamia. Alisema kuna njia mbili. Nilete mashahidi watatu wasio na upande kwenye kesi, au nifute uthibitisho wangu mwenyewe kwa maandishi mbele ya kamati, na nitaje yote niliyoyaacha. Hapo mashine itasimamishwa, kila uamuzi uliotegemea kaye zako utaangaliwa upya, na wa Munigi utazuiwa. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mradi utauliza kwa nini walilipia sahihi ya uongo, na kwamba hawezi kunikinga.

Kwa hiyo unaelewa ninachoogopa. Mshahara ambao mradi unanilipa hadi leo, ndiyo, watoto wangu wawili wanasoma kwa mshahara ule. Lakini wote walioshinda kwa mashine miezi hii, wale waliokwisha jenga ukuta, waliokwisha ingiza wapangaji, watasikia kwamba Zawadi wa Mabanga amesimama akasema ushindi wao una kasoro. Na siku hizi mtu akikukasirikia hapa mjini hakuna wa kumkimbilia. Jumanne shemeji mdogo alinikuta mlangoni. Alinisalimia kwa adabu zote.

"Sekretere, batoto yako bangali banasoma pale pale?"

Nikamjibu ndiyo, bangali. Akasema vizuri, akaenda zake. Tangu siku ile nawapeleka shule mwenyewe na kuwafuata mwenyewe, na kila pikipiki ikipunguza mwendo nyuma yetu nawavuta kando ya barabara.

Juzi nilifanya ulivyokuwa unafanya. Nilipanda Munigi. Sikuwa na kasiksi wala koti. Mama Sifa alikuwa anafunga maharagwe kwenye gunia, tayari kwa safari, mabinti wameng'oa mabati ya jikoni wameyapanga ukutani. Nikaomba kigoda. Nikamwambia nilikuwepo, nilijua, nikaacha, nikatia sahihi. Nikasema nilimkosea.

Alifunga gunia kwanza. Kisha akasema, "Kuniambia miye, aksanti. Lakini miye nilijuaka. Enda ubaambie bale habajui."

Hakunikaribisha chochote. Nilishuka nikilia barabarani kama mwendawazimu, madereva wa chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, wananipisha.

Basi jana niliketi nikaandika orodha. Safari zako zote za kurudi ninazozikumbuka, kila moja na jina la mtu, mahali, na waliokuwepo. Munigi ya kwanza. Yule fundi wa viatu. Mapacha waliogombania nyumba ya mama yao. Ya nne, ya tano, ya sita. Ya saba ilinihangaisha, sikuwa na uhakika kama ulirudi kweli au ulisema tu utarudi kisha ukaugua, nikaandika hivyo hivyo, kwamba sina uhakika.

Dada yangu Riziki alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma. Unamkumbuka. Usingeweza kumsahau, kwa sababu nilikuomba kwa ajili yake mpaka ukanifukuza ofisini. Alipoachana na mume wake, wewe ndiye uliyeamua mtoto, Neema, abaki kwa watu wa baba. Alikuwa na miaka mitatu. Nilikwambia umekosea. Nilikwambia mwezi baadaye, na mwaka baadaye. Ulinijibu kwa macho makavu, "Apa sikukosea, Zawadi." Ni siku hiyo tu uliniita kwa jina. Neema ana miaka kumi na minne sasa, yuko Bukavu, na Riziki amemuona mara mbili.

Riziki aliweka kidole chini ya namba saba, kwenye nafasi tupu.

"Na ya mutoto wangu, utaiandika?"

Fikiria jambo hili, Papa, pamoja nami, kama tulivyokuwa tunafikiri. Hakuna shahidi atakayenipinga. Papa Deo hakuwepo kwenye kesi ile. Nikiandika kwamba ulikwenda kwa Riziki, ukaomba kigoda, ukasema nilikukosea, mashine itaamini, kwa sababu leo saa nne mimi ndiye nitakayekuwa kinywa chako chote kilichobaki. Watamwandikia karatasi. Atapanda boti Jumatatu akamchukue mwanawe. Na ningekuwa sahihi! Bado naamini ningekuwa sahihi kuliko wewe. Nilikaa na kalamu mkononi nikajiogopa kuliko ninavyomwogopa shemeji wa Munigi.

Saa inakaribia. Aline amekwisha pita dirishani, amebeba betri. Papa Deo anakohoa kule ndani, amevaa tai. Naandika haraka, ona mwandiko ulivyo.

Nakuahidi nitasoma kwa sauti hata kama haitatoka vizuri. Nitasema jina langu kabla hawajanisomea. Nitasema ulikuwa unakosea, ulikuwa unarudi, na kwamba Papa Deo hakubaliani nawe kuhusu Munigi, na hilo pia liandikwe. Wakinifukuza, nitaondoka. Watoto wangu leo wako kwa mama yangu, nimeshawapeleka.

Lala salama, Papa wangu. Nilikupenda hata ulipokuwa mgumu, na hapo nilikupenda kwa shida.

Orodha ninayoingia nayo ina namba saba. Ya nane, ya Neema, nimeiacha tupu, kwa sababu hukurudi. Riziki bado hajui. Nikitoka huko, kama nitatoka vizuri, nitamkuta kwenye mlango wetu ananisubiri, na nitaomba kigoda.

Sekretere wako,
Zawadi